Mukate Mubichi ku Nafasi ya Imbwa

Kila Noeli, ku nyumba yangu, bajukuu banakula na mukono mumoja, na mukono ingine inatafuta imbwa chini ya meza. Banafikiri sioni. Ngozi ya kuku inashuka, mufupa ya mbuzi inashuka, kipande ya mukate inashuka, na imbwa iko kule chini anangojea, mudomo wazi, kama muntu mwenye kwenda kupokea komunyo.

Nabapiga ku vidole. Banauliza: si ni sikukuu ya bote, imbwa hana Noeli yake? Nabajibu kama imbwa iko na Noeli yake, lakini hana tumbo yetu. Mufupa ya kuku yenye imepikwa inavunjika na ncha kama sindano, inachoma utumbo. Mwiba ya samaki ni vile vile. Makayabu, ile samaki ya kukaushwa, na chumvi yake yote inamuletea kiu yenye haiishi. Machicha ya pombe ya ndizi inamuangusha chini. Mambo hii sikuisoma mahali; mi nilisoma kidogo tu, kisha baliniita nyumbani kulea badogo yangu. Niliona na macho. Na juu ya mukate mubichi, ile yenye imekandwa na haijapita ku moto, niliona kitu yenye mupaka leo, nikiikumbuka, ninaacha kazi ya mikono.

Ilikuwa miaka ya kulima pamba, mbele ya Indepandansi, bazungu ya Belgika bangali banatawala. Tulikuwa tunakaa mu mugini moja juu ya Fizi, pale njia inaanza kupanda ku milima ya bafugaji ya ng'ombe. Baba yangu alikuwa muwindaji. Mama alitoka Swima, chini ku ziwa, mutoto wa muvuvi; alijua samaki yote ku harufu na aliogopa pori. Mama ya baba, mwenye tulimuita tate, alikaa nyumba ya pili ku kiwanja yetu, na hakuna kitu ilipita ku kiwanja ile bila yeye kuitolea neno.

Na kulikuwa imbwa. Mudogo, nyekundu kama udongo ya kichuguu, kifua nyeupe, mukia imejikunja juu ya mugongo kama pete. Hakubweka. Imbwa ya namna ile habweki. Anaweza kulia kidogo, kama muntu anaimba peke yake ku shamba, lakini kubweka, hapana. Njo maana bawindaji banamufungia kengele ya muti ku shingo: muti ngumu, imechimbwa ndani, na vijiti mbili za kugonga. Ku njia banaijaza majani ili inyamaze. Bakifika pori, banatoa majani, imbwa anaingia mu kichaka, muwindaji anafuata ile sauti, ko-ko-ko. Baba alisema ku kengele tu anajua kama mbele kuko paa ao nungu.

Imbwa ile alitulisha. Sisemi vile juu ya kumusifu. Nyama yote yenye ilifika mu chungu ya mama ilianzia ku pua yake.

Juu ya ile, alikuwa na nafasi yake mu nyumba. Nyuma ya figa ya upande ya ukuta, pale udongo inakaa na joto muchana na usiku, njo palikuwa pake. Siku ya nyama, baba alikata shingo na mapafu, akaiweka pale na mukono yake mwenyewe, mbele ya muntu yeyote kuonja. Na kitu yenye imewekwa pale imekuwa ya imbwa. Hauirudishi. Haumupigi. Mutoto akiangusha kiazi yake pale, kiazi imeenda, alie tu. Mi nililia viazi yangu mingi pale. Tate alisema kama siku muntu atamunyanganya imbwa kitu ku nafasi yake, siku ile imbwa atasahau njia ya pori, na hatakuwa na kosa.

Basi, mwaka ile bamasere, masista ya misioni, balikuwa banafundisha bamama kushona na kupika, na mama akajifunza mukate. Mukate tuliijua na macho. Tuliona bazungu banaikula, na ku maduka ya Baraka iliuzwa siku zingine. Lakini kusema mukate itapikwa ku mafiga yetu sisi, ilikuwa kama kusema meli ya ziwa itapanda mulima mupaka Fizi. Mama alisema tu: Noeli hii tutakula mukate.

Baba mudogo, ndugu ya baba, alishuka Baraka na nyama ya kukauka, akapanda na farini, unga ya ngano, mu mufuko ya kitambaa ku kichwa yake. Tulikusanyika kuangalia mama anafungua. Unga ya muhogo ni nyeupe, naijua tangu tumbo ya mama, lakini ile ilikuwa nyeupe ingine. Ilipita mu vidole kama maji yenye hailoweshi. Tate aliingiza kidole, akalamba, akasema haina ladha ya kitu, ni unga ya bagonjwa. Kisha nilimuona anaingiza kidole mara ingine.

Bamasere balikuwa na dawa yao ya kuvimbisha mukate, ndani ya kopo. Mama hakuwa nayo. Asubuhi ya siku ya mbele ya Noeli, alipata pombe ya mungazi, muti ya mawese, yenye imetoka kuteremushwa, povu ingali inacheka juu yake. Akaimimina mu farini, akatia sukari na chumvi, akakanda. Alikanda mupaka jasho ikashuka ku mashavu. Ile kitu ilianza kama matope, ikakuwa laini, mwisho ikakuwa kama shavu ya mutoto muchanga: unaibonyeza, inarudi.

Kisha ilipaswa kulala mu joto, ili ivimbe. Nilimusikia anasema peke yake: joto, lakini si moto. Inje mawingu ilikuwa imekalia mulima, jua hapana. Alizunguka nyumba na sufuria mu mikono. Akainama, akagusa udongo nyuma ya figa ya upande ya ukuta na kiganja, vile muntu anagusa mutoto mwenye homa. Joto ilikuwa sawasawa kabisa.

Alijua sheria. Alikuwa ameolewa siku mingi. Lakini mu kichwa yake sheria ile ilikuwa ya nyama. Na imbwa hakukuwa pale. Alikuwa ametoka na baba kuangalia mitego. Mama aliniona namuangalia, akaniambia: "Hii ni unga. Imbwa ya kuwinda atakula unga?" Akafunika sufuria na kitambaa, na mbele tutoke kwenda misioni ku mazoezi ya nyimbo, kitambaa ilikuwa imeanza kuinuka.

Tulirudi saa sita. Baba alikuwa amefika, anakaa inje anatengeneza mishale, sababu alitaka kurudi pori mangaribi kutafuta nyama ya sikukuu. Mu nyumba, kitambaa ilikuwa chini. Sufuria ilikuwa safi, imelambwa mupaka inangaa. Imbwa alikuwa analala pembeni yake, ku nafasi yake, na unga ku masharubu.

Mama alichukua fimbo ya kuni. Sikuwahi kumuona mama na fimbo juu ya imbwa. Lakini tate alikuwa amefika ku mulango. Alisikia kimya yetu, na kimya njo ilimuita kila mara kuliko kelele.

Tate aliuliza: "Nani aliweka kitu pale?"

"Mi," mama akasema.

"Basi ulimupa. Sasa unamupigia nini?"

Mama aliweka fimbo chini. Baba mudogo, mwenye alikuwa nyuma ya tate na shingo ndefu, akacheka mupaka akashika ukuta. "Shemeki, usilie. Mukate yako iko. Imepata tu miguu ine. Tungojee, itavimba na itatembea."

Tulicheka kidogo, hata mama na hasira yake. Na ikawa vile alisema. Njo kitu yenye iliniogopesha kwanza.

Imbwa aliamuka ili atoke inje, miguu ya nyuma ikapishana kama ya muntu anatoka ku pombe siku ya soko. Akaanguka upande. Akaamuka, akaanguka upande ingine. Tumbo yake, yenye siku zote ilikuwa nyembamba unahesabu mbavu, ilikuwa imejaa. Tulikuwa tunaangalia, na ilikuwa inaendelea. Hakuna muntu alimuongezea kitu. Alikuwa anakuwa mukubwa yeye peke, mbele ya macho yetu, hata baba mudogo akaacha ukuta, akakaribia.

Nilipiga magoti, nikaweka mukono. Ngozi ilikuwa imekaza kama ya ngoma, na moto. Na chini ya ngozi kitu ilikuwa inapanda. Polepole, bila kusimama. Asubuhi niliona ile kitu inainua kitambaa ku sufuria. Sasa ilikuwa inainua imbwa. Nilitoa mukono. Nilikuwa mutoto, na nilifikiri kama mukate imemukula yeye, si yeye amekula mukate.

Baba alimubeba, akamurudisha karibu na moto, akachochea kuni. Kwetu imbwa mugonjwa anapewa joto na mafuta ya mawese ya moto ku koo. Vile njo baba yake alifanya, na baba ya baba yake. Tate alikuwa tayari anatafuta mafuta. Ulimi ya imbwa ilitoka. Pumzi yake ilikuwa fupi, na ilinuka pombe. Niliangalia uso ya baba. Niliona kama anaona pori bila kengele.

Mama alikuwa anasimama katikati ya nyumba, mikono yake ingali na farini ku kucha. Kisha akasema, "Mutoe ku moto."

Baba alisema bila kugeuka kama imbwa mugonjwa anawekwa ku joto.

"Hana ugonjwa. Iko na mukate. Kitu ile inakula joto, baba batoto. Uko unaivimbisha mu tumbo yake, vile mi nilikuwa naivimbisha mu sufuria."

Mama hakuwahi kusema neno juu ya imbwa, mwaka hata moja. Akasema tena, sauti chini: "Tumupeleke ku maji ya baridi."

"We mutu wa Swima," tate akasema na chupa ya mafuta mu mukono, "kwenu kila kitu ni maji."

"Njo vile, mama. Na leo ni maji."

Baba alimuangalia. Aliangalia imbwa. Sijui alipima nini mu roho yake, sababu ilikuwa kuacha mambo yote yenye alifundishwa na kushika neno ya mutoto wa muvuvi, juu ya kitu yenye hakuijua. Alipitisha mikono chini ya imbwa, akatoka naye mbio, sisi nyuma.

Mutoni yetu inatoka juu kabisa, ku milima ya nyasi. Maji yake ni baridi mupaka bamama banafua nguo kwa zamu. Baba aliingia na nguo zake mupaka ku mapaja, akamushika imbwa ndani, kichwa tu inje. Mama akaingia pia, anamumwangia tumbo na kibuyu, anamulowesha midomo na kidole, kidogo kidogo, juu asipaliwe. Maji ilikuwa inapita. Mama alikuwa anaweka kiganja ku tumbo, anatoa, anamwanga, anaweka tena, vile alifanya ku udongo ya mafiga asubuhi, lakini sasa alitaka baridi. Mwisho akasema: "Imesimama."

Haikupanda tena. Lakini haikushuka, na imbwa alikuwa anaenda kulala mu mikono ya baba, macho yanageuka nyeupe. Mama alisema asilale, asilale. Baba alimutikisa. Alimuita na mudomo, vile anamuita mu pori. Hakuna.

Njo tukasikia fimbo ku mawe. Tate alikuwa ameshuka kule mutoni, mahali alikuwa ameacha kushuka tangu magoti yake ikachoka. Mu mukono ingine alileta kengele. Alisimama ku kando, akaingiza kidole mu kengele, akatoa majani yote, hakuharakisha. Kisha akaigonga.

Ko-ko-ko.

Masikio ilisimama ya kwanza. Muili yote ilikuwa kama kitambaa, lakini masikio ilisimama. Tate akagonga tena. Na miguu ikaanza kutembea ndani ya maji. Imbwa alikuwa anakimbia, macho ingali nusu wazi, mu mikono ya baba, katikati ya mutoni, anakimbia pori yake. Alikuwa amelewa, amevimba, roho iko ku mulango, na kazi yake ikamuita, akaitika.

Baba alimuweka ku nyasi. Akasimama, akaanguka, akasimama. Tate alimutangulia na kengele, anagonga, anazunguka ku nyasi na fimbo yake, yule mama muzee, kama paa yenye kufukuzwa, na imbwa nyuma yake, miguu inapishana. Hakuna mwenye alicheka. Balizunguka. Kisha imbwa akasimama, akatandika miguu, mbavu ikaingia ndani, mudomo ikafunguka, na ikatoka. Nyeupe, kubwa, na harufu ya pombe ya mungazi. Akazunguka tena, ikatoka ingine. Mara ya mwisho ilikuwa maji tu. Akalala chini, anapumua murefu, na tumbo ilikuwa imeanza kurudi ku mbavu zake. Baba alikaa pembeni yake mu nguo za maji, akaweka mukono ku kichwa yake, akaiacha pale.

Ile nyeupe ilikuwa juu ya jiwe ya kufulia. Mawingu ilifunguka kidogo, jua ikapiga jiwe. Na tukaona ile kitu, yenye imetoka mu sufuria na mu tumbo ya imbwa na mu baridi ya mutoni, inaanza tena kupanda. Polepole. Ilitoa povu moja, ikapasuka, ikatoa ingine. Baba mudogo alifanya alama ya musalaba. Mi nilijificha nyuma ya kikwembe yenye mama alivaa, na hapo hapo nilitoa jicho moja, sababu sikutaka kupoteza.

"Na sisi tulitaka kukula kitu hii," baba akasema.

"Sisi tunaikula moto ikiisha kuiua," mama akasema. "Yeye aliikula ingali muzima."

Aliisukuma na kijiti mupaka mu maji, na maji ikaenda nayo.

Noeli ile hatukukula mukate, na nyama hapana, sababu mangaribi ile hakuna mwenye alienda pori. Tulikula bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki moja kubwa yenye bandugu ya mama balituma toka Swima. Imbwa alikuwa ku nafasi yake, muzaifu, anafuata mikono yetu na macho. Baba hakuwa na shingo ya kumukatia. Nilimuona anaangalia sahani yake, hajui afanye nini.

Mama alichukua kipande ya samaki, yenye alikuwa ametenga mbele ya kutia chumvi. Akakaa chini. Alifungua nyama na vidole, akatoa miiba moja moja, anaiweka ku jani, anapitisha kidole tena, vile kwao Swima banatolea mutoto mwenye kuanza kukula. Kisha akainama nyuma ya figa, akaiweka pale, mukono yake mwenyewe. Tangu nizaliwe, ni baba tu aliweka kitu pale. Imbwa alikula polepole.

Tate aliangalia yote. Akasema: "Na sisi batu, nani anatutolea miiba?"

Baba mudogo njo alicheka wa kwanza. Mama akavuta sahani ya tate, akaanza kutoa miiba.

Mwaka yenye ilifuata, mama alikanda tena. Nilingojea kuona ataiweka wapi. Hakuangalia mafiga hata. Alitandika kikwembe, akafunga ile sufuria ya mukate mubichi ndani yake, akaiinua, akaifunga ku mugongo yake kama mutoto, akaibeba vile mupaka misioni ku mazoezi ya nyimbo. Banamama benzake balimuuliza ule mutoto ni wa mwezi gani. Mama aliimba tu.

Imbwa alitufuata, kengele imejazwa majani. Lakini alikaa mbali, nyuma kabisa. Upepo ukimuletea ile harufu, alisimama, akageuza pua, akangojea tupate mwendo ndipo afuate tena.

Ku njia ya kurudi tulipumuzika ku jiwe. Niliweka sikio yangu ku mugongo ya mama, juu ya kikwembe. Kwanza nilisikia moyo yake. Kisha, karibu zaidi, nilisikia ile ingine: sauti ndogo ndogo, kama mvua inaanza ku majani, inapanda mu joto yake.